Mwaka Mheshimiwa Alivuliwa Viatu

Haya, nyinyi mmekaa hapo nje, songeni karibu, na mwenye ameshika kikombe aiweke chini, kwa sababu mahali nawapeleka leo mtu anaweza kumwagia jirani chai ya moto. Mmeona huyo mzee ameingia asubuhi na fimbo, kofia ya sufu kichwani, na jua ya Kisumu inachoma mpaka kuku zinataga mayai yakiwa yameiva? Mmemsalimia, mmempa kiti, na hamjui ni nani. Huyo ni Fundi Kariuki. Miaka yote hatujaonana, na alipofika kwa mlango hakuniangalia mimi, aliangalia ukuta, hapo juu ya jiko, mahali nimetundika ile akala moja ya mviringo, kiatu ya tairi, yenye wajukuu wangu hucheka wakisema ni ya jini mwenye mguu kama sufuria. Akaishika. Akasema, "Nyar Faras, hii bado iko?" Na mimi mwanamke mzima nikalia kama nimeshikwa na pilipili, halafu nikacheka, halafu nikamwekea mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, na ugali, na sasa ako huko ndani anapigana na mifupa ya samaki vile alikuwa anapigana zamani. Mambo ya nani alinizaa na nilisoma wapi tuache. Mimi na shule tuliangaliana kwa mbali, kila mtu akashika njia yake. Nataka kuwaambia mwaka moja peke yake, ule mwaka niliogopa kuliko miaka ingine yote ukiziweka kwa gunia moja.

Nilikuwa msichana wa Manyatta, lakini kulala nililala ufuoni, upande wa Dunga, kwa banda ya mabati yenye ilikuwa stoo ya samaki. Upande moja mimi, upande ingine farasi, katikati pazia ya gunia. Harufu ya samaki haikutoka hata tungeosha hiyo banda na ziwa yote. Asubuhi nikipika uji, kichwa ya farasi inapita kando ya gunia inanipumulia shingo, eti nimeamka vizuri? Jina lake Mheshimiwa, kwa sababu alikula sana, alifanya kazi Jumapili peke yake, na ukimpita bila salamu anakasirika. Rangi ya chai ya maziwa, alama nyeupe kwa uso, na urefu wake, sitaki kuwadanganya, akisimama Dunga aliona watu wa Uganda wakianika nguo. Mimi nilimshika kamba, watoto wakapanda, maharusi wakapigwa picha. Ndio watu wakaniita Nyar Faras, binti wa farasi, jina imekwama kwangu mpaka leo kama kupe.

Mwenye farasi alikuwa Mzee Okumu, mtu wa Pap Onditi, mkubwa kwa mwili na kwa maneno, alikuwa na shamba ya miwa huko Muhoroni. Huyo mzee alipenda viatu, wapendwa! Viatu vyake viling'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu hapo. Na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba farasi wake pia anavaa. "Punda anatembea pekupeku," alikuwa anasema, "farasi ya Okumu anavaa chuma." Hata ndugu yake mkubwa, Mzee Owuor, walikosana kwa sababu ya viatu. Owuor na bibi yake Mama Penina walikuwa wa kanisa ya kanzu nyeupe, wale wakiingia kwa maombi kila mtu anavua viatu mlangoni. Okumu akienda kuwatembelea, maombi ikianza anabaki nje amesimama, eti yeye hawezi kukanyaga vumbi na soksi. Miaka na miaka ndugu anaomba ndani, ndugu anasimama nje. Wekeni hiyo kwa mfuko, tutaitoa baadaye.

Sasa asubuhi moja nasikia Mheshimiwa akitembea, na badala ya ko-ko-ko-ko, nasikia ko-ko-ko-kling. Chuma ya mguu wa mbele inaning'inia, na kwato imepasuka kutoka chini kupanda juu, ufa mtu anaweza kuingiza kucha. Moyo wangu ilianguka mpaka kwa visigino. Farasi asiyetembea ni farasi ya nini? Nikakimbia mpaka soko ya Kibuye kumtafuta Kariuki, aliyekuwa akiuza misumari na rangi kwa kibanda chake. Alikuwa amekuja kutoka pande za Nyahururu kutafuta biashara, lakini ujana wake aliupitisha kwa mazizi ya farasi, akitengeneza kwato. Kisumu nzima huyo ndiye fundi wa kwato tulikuwa naye, na kwato za kutengeneza zilikuwa nne tu, zote za Mheshimiwa. Akaja na kisanduku chake: nyundo, koleo, tupa ndefu kama mkono wangu, na kisu yenye ncha imepinda. Alifanya kazi akiangalia ziwa kila wakati, juu aliamini kiboko atatoka amkamate kwa nyuma. Nilimwambia, "Fundi, kiboko hapa wanatoka usiku." Akasema, "Wewe umewaambia saa?"

Akainua mguu, akaweka kati ya magoti, akaikwaruza kwato na kisu. Mwishowe akaniita niangalie. "Unaona hii ukuta ya kwato? Imetobolewa misumari mpaka imechoka. Ni kama bati ya zamani. Nikipiga msumari ingine hapa, napiga hewa. Tutoe chuma zote. Tumuache atembee na miguu yenye Mungu alimpea." Nikamuuliza, na akishindwa? Akakuna kichwa. Sasa hapo ndio nilimpenda huyu mzee, kwa sababu mtu mwingine angenidanganya. Akasema, "Anaweza kushindwa. Hata mimi naogopa. Lakini kuogopa haijakatazwa, Nyar Faras. Shika mguu."

Nikashika mguu. Alikata vichwa vya misumari kwa tupa, akavuta chuma polepole na koleo, moja, ingine, na kila msumari ikitoka inalia kiii, na mimi nalia pamoja nayo. Akazungusha ukingo wa kwato na tupa mpaka ikawa laini kama mdomo wa kikombe. Halafu akasema tembeza. Nje ya banda kulikuwa na kokoto. Mheshimiwa akaweka mguu, akautoa. Akaweka tena, akainama, akatembea kama mtu anapita juu ya makaa akibeba mayai. Wamama wa samaki wakaacha visu. Mmoja akasema, "Yawa! Wamemharibu mtoto wa watu." Nikataka ardhi ipasuke iniingize mimi, farasi, Kariuki na kisanduku chake. Lakini Fundi akachukua kamba, akampeleka mchangani, pale maji inalamba, na hapo Mheshimiwa akasimama vizuri, akapumua kwa nguvu. "Hapa ndio shule yake," Kariuki akasema. "Asubuhi mchanga, jioni mchanga. Kokoto baadaye. Na wewe uangalie hapa." Akanionyesha juu kabisa ya kwato, mahali nywele inaisha. "Kwato inamea kutoka huku ikishuka, kama ukucha yako. Kutoka leo utaona mstari. Juu ya mstari ni kwato mpya. Mstari ukifika chini, tumepona. Utachukua karibu mwaka."

Nyinyi mmewahi kungoja kitu inatembea pole kuliko kwato? Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, naenda kupiga magoti kwa mguu ya farasi kuangalia mstari. Watu wakaanza kusema naabudu shetani. Na maneno mengine yakaanza. Nikiwa nyuma ya pazia nakoroga omena, hawa dagaa wetu, nasikia vijana wa boda wakipita: "Hiyo farasi ya Okumu imefilisika, haina hata patipati ya kuvaa." Mwingine: "Labda imefukuzwa shule, haijalipa karo." Nacheka, lakini najua hayo maneno yana miguu, na yanajua njia ya kwenda kwa Mzee Okumu.

Siku moja naamka na kumkuta Mheshimiwa amesimama vibaya, ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha kama mtu anakataa kuingia hospitali. Hataki kusonga. Nikimgusa anatetemeka, na mimi natetemeka, sijui nani alianza. Kariuki akaja mbio, akaweka mkono kwa kwato, akatoa. Akaweka vidole nyuma ya kifundo, akanichukua mkono akaniwekea hapo. Mshipa ulikuwa unapiga kama ngoma ya arusi. Kwato ilikuwa ya moto. Sitasahau hiyo moto kwa kiganja yangu hata nikifa. Fundi akaenda kwa ndoo ya chakula, akanusa, akaweka kidole, akalamba. Uso yake ikabadilika. "Nani anampea molasi?"

Ni Mzee Okumu. Kwa upendo! Maneno ya wale vijana yalikuwa yamemfikia, kwamba miguu ya farasi ni migonjwa. Trekta za kubeba miwa zikitoka Muhoroni zilikuwa zinatuletea mtungi ya molasi, nyeusi, tamu, na mzee alikuwa ameagiza Mheshimiwa amwagiwe kwa pumba asubuhi na jioni, ili miguu irudi na nguvu. Huku kwetu mgonjwa anapewa kitu tamu. Na watoto wa ufuoni nao wanampea miwa, wanampea soda, wanampea mandazi, kila mtu anamhurumia. Kariuki akakaa chini kwa mchanga, kofia mkononi. "Sukari ikizidi inashuka kwa kwato," akasema. "Inapasha moto ndani mpaka kwato inaachana na nyama. Tulimvua viatu, halafu tukamwekea moto kwa miguu." Akamwaga ile ndoo. Tukasimamisha miguu ya farasi ndani ya maji ya ziwa, yeye upande huu, mimi upande ule, suruali imelowa, na ule mzee mwenye anaogopa kiboko aliingia maji mpaka magotini na hakuangalia nyuma hata mara moja. Nyasi kavu peke yake, akaniagiza, na maji. Kila mtu akileta tamu, mwambie asante na uikule wewe. Nilinenepa huo mwaka!

Miezi ikapita, kwato zikapoa, mstari ukashuka, ndipo Mzee Okumu akasikia kwamba molasi yake inamwagwa. Akaja na gari. Mimi nikaingia nyuma ya gunia, nikajifanya napepeta mchele, na sikuwa na mchele.

"Kariuki," akasema, "mimi nimekukosea nini? Umemvua farasi yangu viatu. Sasa unamnyima sukari. Kesho utamvua manyoya?"

"Mzee, sukari yako ni nzuri, lakini inamuua."

"Inamuua! Miwa imesomesha watoto yangu wote, itaua farasi?"

"Watoto yako walikula karo, Mzee. Hawakula miwa."

Nikafunga macho. Halafu nikasikia Mzee akikaa juu ya kreti ya soda, na sauti yake ikawa ndogo, sauti sikuwa naijua. Akasema Owuor ameaga dunia jana. Ndugu yake mkubwa. Hawakuwa wamesemezana vizuri tangu zile mambo ya viatu mlangoni. Akapangusa uso. Akasema siku ya mazishi, kwenye tero buru, Mheshimiwa ndiye atakuwa mbele ya ng'ombe. Ile desturi yetu mnaijua: mtu mkubwa akifa, tunatoa ng'ombe na ngoma na filimbi, tunakimbia hadi mpaka wa kijiji kufukuza kifo, halafu tunarudi. "Ndugu yangu atapelekwa na farasi," Mzee akasema. "Na siwezi kuleta farasi pekupeku kwa boma yake. Watasema Okumu amekuwa maskini. Mvalishe. Na akichechemea mbele ya watu wa Pap Onditi, harudi hapa. Kuna mtu Muhoroni anataka mnyama wa kuvuta mkokoteni ya miwa."

Mkokoteni ya miwa! Nyuma ya gunia nilishika mdomo na mikono yote mbili. Na hizo miguu, kwa hizo barabara, chini ya huo mzigo, angeanguka kabla ya mvua ya pili.

Kariuki angeweza kupiga misumari, amfurahishe mwenye mali, arudi Kibuye kuuza rangi. Akakataa. Akasema hakuna ukuta ya kushika msumari bado, mstari umefika karibu na chini lakini haujamaliza. Na Mzee akiwa ameshasimama, Fundi akasema, "Lakini umesema viatu. Hukusema chuma." Tukaenda kwa mshona akala wa Manyatta, Baba Otis. Tulimsimamisha Mheshimiwa juu ya katoni, Baba Otis akazunguka kwato na chaki. "Nimeshonea watu wa kila aina," akasema, "lakini huyu ndiye mteja wa kwanza hajaniambia zinamfinya." Akakata tairi ya lori, akaweka kamba za ngozi, nne, nzito, zimepakwa rangi nyeusi zing'ae. Kariuki akazijaribu, akapunguza hapa, akafungua pale, kama mama anamvalisha mtoto wa kwanza kwenda shule. Mzee Okumu akaziangalia sana. Akasema, "Zinang'aa." Ndio hiyo ilikuwa ruhusa.

Tulimpandisha lori mpaka Pap Onditi. Sikulala kabla ya hiyo siku, sikula. Tunafika, naona nini? Mzee Okumu, kwa heshima ya wageni wenye magari, amemwaga kokoto mpya kutoka kwa lango mpaka kaburini. Kokoto kali, zile za kujengea. Nikamwangalia Kariuki, Kariuki akaniangalia. "Ana akala," akasema. Lakini aliinama akakaza kamba zake tena.

Buru ikaanza. Ng'ombe zimevalishwa majani, wanaume na mikuki na matawi, filimbi, ngoma, boda boda zote za huko Nyakach zinapiga honi, vumbi inapanda mpaka ndege zinakohoa. Walisema farasi atatembea pole mbele. Nani alimwambia farasi? Fahali moja ikanguruma nyuma yake, na Mheshimiwa akaenda. Mimi nimeshika kamba. Wapendwa, miguu yangu haikugusa ardhi hadi mpaka wa kijiji, nilikuwa napepea kama bendera ya chama. Tukapita shamba la mtama, tukapita tope ya mto, na kwa tope nasikia plop. Naangalia chini: akala moja imebaki kwa tope. Plop. Ya pili. Nilipiga mayowe, watu wakafikiri nalilia marehemu, wakanisaidia kulia. Kufika mahali pa kugeukia, miguu yote nne ilikuwa wazi. Akala moja ilikuwa imenaswa kwa kamba yangu, ndiyo ile mnaona kwa ukuta. Zile tatu labda kambare wanazivaa huko mtoni.

Tukarudi pole. Na hapo mbele, lango. Na baada ya lango, kokoto. Watu wamejipanga pande zote mbili, wale wa kanzu nyeupe wako pekupeku karibu na kaburi wakiimba, na mwisho kabisa, nje ya duara yao vile alikuwa amezoea, Mzee Okumu na viatu vyake. Niliona kila kitu: ile siku ya kwanza ya makaa na mayai, ile moto kwa kiganja yangu, mkokoteni. Nilisimama. Singeweza kumwambia aende. Kariuki akaja upande wa pili wa kichwa ya farasi, ameloa jasho, kofia ya sufu imepinda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi pia naogopa. Shika kamba."

Mheshimiwa akanusa kokoto. Akaweka mguu.

Hakuutoa. Akaweka ule mwingine, kisigino kwanza, yote, nzito, kama mtu anaingia nyumbani kwake. Krap. Krap. Krap. Nyimbo zikanyamaza, ngoma ikanyamaza, ikabaki hiyo krap peke yake, na mimi nahesabu kila moja kama pumzi yangu ya mwisho. Hakuchechemea. Akapita watu wote, shingo juu, tope mpaka magotini, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwenye anamjua, akasimama mbele ya Mzee Okumu, akampumulia shingo.

Mzee hakuangalia uso yake. Aliangalia miguu. Boma nzima ikaangalia miguu. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikajua sasa anataka kuuliza viatu viko wapi, na huo ndio mwisho yetu. Lakini kabla neno itoke, Mama Penina, mjane mwenyewe, mwenye alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akainuka hapo kando ya kaburi na kanzu yake nyeupe, akanyoosha kidole, akapasuka:

"Okumu! Hata mnyama amemvulia ndugu yako viatu. Wewe unangoja nini?"